KONA YA MWALIMU: Mazingaombwe kwa anayeanza, na kwa nini mama ajue kwanza

  

Mwezi huu sanduku la barua limejaa kuliko miezi mingine, na karibu karatasi zote zinaongea juu ya jambo moja: mazingaombwe. Vijana wameona video kwenye simu, mtu anatoa sarafu katika sikio la mwenzake, mwingine anakata kamba na kuiunga, sasa wanauliza: "Mwalimu, na sisi tunaweza? Tuanzie wapi?" Humo humo kuna barua mbili za wazazi. Mmoja anauliza kama mambo haya siyo mlango wa uchawi. Mwingine ameandika kwa ufupi tu: "Mwalimu, mutoto wangu ameanza kupoteza vitu mukononi na majirani wanamuangalia vibaya. Nifanye nini?"

Basi leo nawajibu wote pamoja. Watoto watapata michezo mitatu ya kuanzia, yote ya bure. Wazazi watajua siri ya kila mchezo, maana nimeiandika hapa hapa makusudi. Naomba mama au baba asome ukurasa huu pamoja na mtoto. Kama mzazi hajui kusoma, mtoto amsomee kwa sauti.

Mazingaombwe ni kitu gani

Wazazi wetu wengi neno hili wamelikuta huku Tanzania. Wengine wanasema kiinimacho. Ni mchezo wa vitu vitatu: mikono, macho na maneno. Mikono inaficha, macho ya watu yanapelekwa pengine, na maneno yanawaandaa watu kuona kile unachotaka waone. Hakuna kitu cha nne. Hakuna dawa, hakuna jini, hakuna kuamka usiku.

Unauliza, inawezekanaje watu ishirini wakuangalie na wasione? Fikiria uko kwenye bomba la maji, ndoo yako inajaa, mara mtu anaita jina lako kwa nguvu. Utageuza kichwa tu, hata kama maji yanamwagika. Akili ya mwanadamu haiwezi kuangalia mambo mawili kwa makini kwa wakati mmoja. Mwenye mazingaombwe anafanya kazi yake katika ile nafasi ndogo, pale vichwa vilipogeuka.

Na mchezo huu ni wa zamani sana. Seneca, mwandishi wa Roma aliyeishi karibu miaka 2000 iliyopita, katika barua zake anataja watu waliocheza kwa vikombe na vijiwe. Anasema udanganyifu ule haumuumizi mtu, na raha yake ni kule kudanganywa kwenyewe. Kwa hiyo tangu zamani watu walijua tofauti kati ya mchezo na mambo mengine.

Sheria ya kwanza: mama ajue

Wanaofundisha mazingaombwe duniani kote wana sheria moja kubwa: usimwambie mtu siri. Mimi kwa maisha yetu ya kambini naibadilisha kidogo. Siri wasiijue watazamaji. Lakini mtu anayekulea, awe mama, baba, shangazi, mama mkubwa au kaka mkubwa, yeye lazima aijue, na aijue kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote.

Kwa nini? Wote tunajua kwa nini, ila hatupendi kulisema. Tumetoka mahali ambapo mtoto anaweza kuitwa mchawi kwa sababu ndogo kabisa. Anaongea usingizini, wanasema. Anakojoa kitandani, wanasema. Ni yatima na amekuja kukaa kwa ndugu, halafu ndani ya nyumba kumetokea ugonjwa, ndiyo kabisa. Kwetu Kongo jambo hili lilifika mbali mpaka likaingizwa katika sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Kifungu cha 160 kinasema anayemshtaki mtoto kwa uchawi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka miaka 3. Sheria haitungwi bure. Inatungwa kwa sababu watoto wameumia.

Sasa weka mtoto kama huyo aanze kupoteza sarafu mkononi mbele ya majirani usiku. Unaona hatari iko wapi?

Lilitokea hapa hapa. Msichana mmoja wa miaka kumi na moja, anakaa kwa mama yake mkubwa. Alifundishwa na wenzake mchezo wa sarafu. Jioni akauonyesha kwa watoto wa nyumba za jirani, na kwa utani akasema, "Mimi nina nguvu." Siku tatu baadaye mtoto mdogo wa jirani akapata homa kali. Dispensari walimpima wakakuta malaria, wakampa dawa, akapona. Lakini maneno yalikuwa yameshaanza kutembea. Kisimani watu wakimwona msichana wananyamaza.

Mama mkubwa akanifuata darasani.

"Mwalimu, huyu mutoto amepata wapi hii dawa?"

"Jambo, mama. Kaa kwanza. Siyo dawa, ni mkono. Mwache akuonyeshe polepole."

Msichana akafanya taratibu, hatua kwa hatua. Mama akaangalia mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akasema, "Lete hapa." Akajaribu mwenyewe, sarafu ikaanguka chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Jumapili mchana aliwaita majirani nje ya nyumba. Msichana akafanya mchezo wake, watu wakashangaa, kisha yule mama wa mtoto aliyekuwa na homa akaonyeshwa siri kwa mikono yake mwenyewe. Maneno yakaisha siku ile. Ninawaambia hivi ili muone ni nini kilichomuokoa yule mtoto. Alisaidiwa na mlezi ambaye alikuwa anajua, na alisimama mbele ya watu.

Hata nchi nyingine walipita njia hii. Uingereza, mwaka 1584, mtu mmoja jina lake Reginald Scot alichapisha kitabu cha kutetea watu, hasa wanawake wazee na maskini, waliokuwa wanashtakiwa uchawi. Ndani ya kitabu hicho alieleza wazi namna wachezaji wanavyoficha mipira, sarafu na karata. Alitaka watu waone kwamba jambo la kushangaza linaweza kuwa ni kazi ya vidole tu. Zaidi ya miaka 400 imepita na sisi bado tunahitaji somo lile lile.

Kwa hiyo kabla ya kila mchezo, simama na useme maneno haya, uyajue kwa kichwa: "Hamjambo. Huu ni mchezo wa mikono. Siyo dawa na siyo majini. Mzazi wangu anaujua. Angalieni kwa makini." Usiogope kwamba utaharibu utamu. Watu wakiambiwa ni mchezo, bado hawataona umefanyaje, na watakaza macho zaidi.

Na usiseme kamwe "nina nguvu" au "nina majini," hata kwa utani. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, na kwa sheria hiyo mtu kujitangaza kwamba ana nguvu za uchawi ni kosa. Utani wa namna hiyo unaweza kukuletea shida kwa majirani na hata kwa serikali.

Vitu unavyohitaji

Usimsumbue mzazi akununulie kitu. Tafuta sarafu moja, karatasi na kalamu, na raba moja nyembamba, zile za kufungia pesa au mboga. Kama huna raba, omba fundi baiskeli kipande cha mpira wa ndani uliochakaa, ukate duara jembamba kama upana wa njiti ya kiberiti. Kadi ya posho isiguswe kabisa. Hela ya kuazima usitumie, maana ikipotea kweli, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa unacheza.

Mchezo wa kwanza: raba inayoruka

Huu ni mzuri kwa mtoto wa miaka saba na kuendelea. Raba iko kwenye vidole viwili, halafu ghafla inaonekana kwenye vidole viwili vingine.

Vaa raba kwenye kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ishuke mpaka chini kabisa ya vidole. Mgongo wa mkono uwaelekee watazamaji, kiganja kikuelekee wewe. Kwa mkono wa kulia vuta raba upande wa kiganja, kama unawaonyesha kwamba ni nzima. Wakati imevutika hivyo, kunja vidole vyote vinne vya kushoto, ncha zake ziingie ndani ya nafasi ya raba. Achia raba taratibu. Sasa watu kwa mbele wanaona raba imekaa kwenye vidole viwili vya kwanza, kumbe kwa ndani imepita juu ya kucha za vidole vyote vinne.

Sema "moja, mbili, tatu," fungua vidole vyako haraka. Raba itaruka yenyewe mpaka kidole cha pete na kidole cha mwisho. Ukiwa na raba nzuri haikosei, maana mpira uliovutwa unatafuta njia ya kulegea, na wewe umeshauandalia njia.

Mchezo wa pili: sarafu inayopotea

Huu ndio ule wa yule msichana. Unahitaji mazoezi ya wiki mbili hivi, usiharakishe.

Shika sarafu kwa mkono wa kushoto, kiganja kikiangalia juu. Sarafu ishikwe pembeni na ncha ya dole gumba upande mmoja na ncha za vidole upande wa pili, hivyo chini yake kuna nafasi tupu. Leta mkono wa kulia kama unaichukua: dole gumba la kulia lipite chini ya sarafu, vidole vya kulia vipite kwa mbele na kuifunika. Vidole vikishaifunika, legeza mkono wa kushoto, sarafu ianguke yenyewe kwenye kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia ufunge ngumi na uondoke kama umeshika kitu. Mkono wa kushoto ushuke taratibu pembeni ya mwili, vidole vimekunjika kidogo, kama mkono wa mtu aliyesimama tu.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wanashindwa. Macho yako wewe mwenyewe yafuate ngumi ya kulia. Ukiangalia mkono wa kushoto hata mara moja, watu wote wataangalia huko. Watazamaji wanaangalia kile unachokiangalia wewe. Puliza ngumi ya kulia, fungua kidole kimoja kimoja. Hakuna kitu!

Siri ya mazoezi ni hii: kwanza chukua sarafu kweli kweli, mara ishirini, bila kudanganya. Angalia mkono wako unavyokwenda, unavyofunga, kasi yake, uzito wake. Halafu fanya ya uongo ifanane na ile ya kweli. Mtu anayejifunza uongo kabla ya kujua ukweli unavyoonekana, mkono wake unamsaliti.

Mchezo wa tatu: namba niliyoijua tangu asubuhi

Huu nauelekeza kwa wanafunzi wangu wanaosema hesabu ni ngumu. Andika namba 1089 kwenye karatasi, kunja, mpe mtu aiweke mfukoni bila kufungua. Halafu mwambie mwenzako achague namba yoyote ya tarakimu tatu, lakini tarakimu ya kwanza iizidi ya mwisho kwa 2 au zaidi. Tuseme amechagua 742.

Aigeuze nyuma mbele: 247. Atoe: 742 kutoa 247 ni 495. Jibu nalo aligeuze: 594. Ajumlishe: 495 na 594 ni 1089. Sasa mwambie yule wa karatasi afungue mfuko wake.

Jaribu na 831. Ukitoa 138 unapata 693. Ukijumlisha 396 unapata 1089 tena. Kwa nini? Ukitoa namba iliyogeuzwa, jibu siku zote ni zao la 99: 198, 297, 396, 495 na kuendelea mpaka 891. Ziangalie vizuri. Tarakimu ya kati ni 9 daima, na zile za pembeni zikijumlishwa zinaleta 9 daima. Ndio maana ukigeuza na kujumlisha unafika mahali pamoja tu. Mwanafunzi atakayeelewa hilo, ameshaelewa hesabu ambayo darasani ingemchosha.

Mashauri ya kushika

Fanya mazoezi dakika kumi kila siku. Hiyo ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi moja. Kama una kioo, simama mbele yake. Kama huna, mwombe mdogo wako akae mbele yako na akuambie kila alichokiona. Watoto wadogo hawafichi, watakuambia ukweli.

Usirudie mchezo ule ule kwa watu wale wale siku hiyo hiyo. Watasema, "Rudia! Rudia!" Wewe jibu kwa heshima, "Asanteni, sasa nawaonyesha mwingine." Mara ya kwanza hawakujua waangalie wapi. Mara ya pili watajua. Na mchezo wa namba ukirudia, jibu litakuwa lile lile 1089, utakamatwa.

Usitangaze mapema nini kitatokea. Ukisema "sarafu itapotea," kila mtu anasubiri kuilinda.

Angalia watu wamekaa wapi. Mchezo wa raba na wa sarafu hauwezi kufanywa ukizungukwa pande zote. Weka ukuta au mti nyuma yako.

Ukikosea mbele za watu, usikimbie na usikasirike. Cheka pamoja nao, sema "leo vidole vimechoka," endelea na mchezo mwingine. Hakuna aliyejifunza bila kuangusha sarafu.

Usimchekeshe mtu kwa kumwaibisha mwingine. Usimtumie mzee kama kichekesho. Mtoto mdogo akiogopa, acha hapo hapo na umwonyeshe kwamba sarafu ipo, mkono ni mkono tu. Na sarafu zisibaki mahali ambapo watoto wachanga wanatambaa, wanameza.

Michezo ya kukataa

Vijana, haya siyajadili. Mchezo wowote wa moto, hapana. Nyumba zetu zimebanana, turubai na nyasi vinashika haraka, na cheche moja inaweza kula nyumba za watu wengi. Wembe, sindano, misumari, kumeza kitu chochote, kujifunga kamba shingoni, kujificha ndani ya gunia au sanduku lililofungwa, hapana. Wale mnaowaona kwenye video wana vifaa maalum na watu wa kuwasaidia pembeni ambao kamera haiwaonyeshi. Wewe uko na mdogo wako tu.

Ukijua siri, huibiwi kirahisi

Wazazi wengine watasema, mwalimu, tuna shida ya chakula, kuni na shule, wewe unatuletea michezo. Nawaelewa. Lakini sikilizeni upande huu pia.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mchezaji wake maarufu, Jean-Eugène Robert-Houdin, ambaye kwanza alikuwa fundi saa. Ufaransa ilikuwa inatawala huko, na ilitaka wenyeji waone kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto angeweza kulibeba. Halafu akawa anasema neno, na mwanaume mwenye nguvu analivuta mpaka anachoka, halinyanyuki. Chini kulikuwa na sumaku ya umeme, inawashwa na kuzimwa. Ni sayansi ya shule tu! Lakini kwa asiyejua, ilikuwa ni hofu. Hivyo ndivyo anayejua anavyoweza kumtawala asiyejua.

Miaka mingi baadaye kijana mmoja alichukua jina la mtu huyo akalipachika herufi moja mwishoni, akajiita Houdini. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1874, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, katika familia iliyohangaika na umaskini. Akawa mchezaji mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Lakini miaka ya 1920 alifanya kazi nyingine: alizunguka kuwafichua watu waliojidai kuongea na wafu ili wale pesa za wafiwa. Aliweza kuwakamata kwa sababu alizijua mbinu zao. Alikufa mwaka 1926.

Na sisi tunao wa kwetu. Mnawajua wale wa karata tatu, wanaokaa njiani siku za soko. Anaonyesha karata moja, anazizungusha tatu, anasema weka hela ukiona iko wapi. Mkono mmoja umeshika karata mbili, moja juu na moja chini. Wewe unadhani anatupa ya chini, yeye anatupa ya juu. Umeshapoteza kabla hazijaanza kuzunguka. Na yule uliyemwona akishinda pale mbele, akafurahi na kuhesabu noti, huyo ni mwenzake. Hela ya sabuni na ya daftari za watoto imekwenda hivyo katika familia nyingi.

Vile vile anayekuja kusema atazidisha pesa yako kwa maombi au kwa dawa. Mwenye uwezo wa kuzidisha pesa hahitaji yako. Anachofanya ni kubadilisha bahasha, ni mkono ule ule wa mchezo wa sarafu. Mtoto aliyefanya mazoezi ya sarafu wiki mbili, akimwona mtu huyo, atamvuta mama yake nguo na kumwambia, "Mama, tazama mkono wake mwingine."

Hapo ndipo tofauti ilipo, na naomba kila mwanafunzi aishike. Mchezaji mwema anasema mapema kwamba atakudanganya, anakudanganya, mnacheka, mnaagana na kila mtu ana hela yake mfukoni. Mwizi anasema ni kweli, halafu anaondoka na chako.

Majibu kwa barua mbili

Mzazi uliyeuliza kama ni mlango wa uchawi: umeshaisoma michezo mitatu na siri zake. Jaribu mmoja wewe mwenyewe kwa mkono wako, halafu uamue. Kama baada ya hapo bado moyo wako haukubali, mwambie mtoto kwa upole na atakutii. Yeye ni mtoto wako.

Mama ambaye majirani wanamwangalia mtoto wako vibaya: usimpige na usimfiche ndani. Ukimficha, watasema kuna jambo. Kaa naye leo akuonyeshe siri yote. Halafu mchana, mahali pa wazi, waite majirani, usimame karibu yake, aseme yale maneno ya mwanzo, acheze, na amwonyeshe mtu mmoja mzima namna inavyofanyika. Siri moja ya sarafu siyo kitu mbele ya usalama wa mtoto. Kama maneno hayataisha, au mtu akimtisha, nenda kwa kiongozi wa kijiji chenu na kwa watu wa ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mimi pia nipo, nitakwenda pamoja nawe.

Zoezi la mwezi

Wanafunzi, chagueni mchezo mmoja tu, siyo yote mitatu. Jifunze, mwonyeshe mlezi wako pamoja na siri. Halafu niletee karatasi yenye sahihi yake, au alama ya dole gumba kama hajui kuandika, kwamba ameuona na ameuelewa. Atakayeleta karatasi hiyo atasimama mbele ya darasa na kucheza. Asiyeleta atakaa na kutazama, hata kama vidole vyake vina kasi namna gani.

Barua zenu ziendelee kuja kwenye sanduku lile lile. Mwezi ujao tutaongea juu ya kutunza vitabu na daftari wakati wa mvua. Mpaka hapo, wasalimieni wote nyumbani.

Ni mimi Mwalimu wenu.